Mwiba wa kayaba, na siku maumivu yaliisha

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, nashona yunifomu, magauni ya kwaya, na harusi moja moja zikipatikana, kwa hivyo macho ndiyo jembe langu. Nasema hivi mapema ndio msidhani nilikuwa mtu wa kupuuza macho. Cherehani yangu iko kando ya dirisha, usiku sishoni nguo nyeusi, miwani ya kusomea nilinunua kabla hata ya kuihitaji. Na bado nilikaa siku nne nikiangalia jicho langu likizimika, tena nikiwa na furaha, kwa sababu lilikuwa limeacha kuuma.

Wacha nianze na ua. Sisi tunaishi upande wa Bahati na ua wetu ni kayaba, wale wa huku mnajua, mti wa miiba mirefu kama kidole, mbuzi hapiti, mwizi hapiti, kuku ndio hujipenyeza tu. Ilikuwa 2022, mwezi wa tano, mvua ilikuwa imenyesha vizuri na ua umevuka mpaka barabarani, na kijana wa kuukata alikuwa ameniahidi Jumamosi tatu akikosa kuja. Nikachukua panga mwenyewe jioni. Tawi moja lilikuwa limeshikwa na mengine, nikakata, nikavuta, halikutoka, nikavuta tena kwa hasira, likachomoka na kurudi usoni kama kofi.

Haikuuma sana, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia. Nilihisi kitu kama sindano, kwa sekunde moja, halafu maji ya uvuguvugu yakateremka shavuni. Nikajiambia ni machozi. Daktari ndiye alikuja kuniambia baadaye kwamba yale pengine hayakuwa machozi, ni maji ya ndani ya jicho yaliyotoka kupitia shimo la mwiba. Mimi niliyapangusa na leso nikaendelea kukata ua mpaka giza likaingia. Kwenye kioo niliona kidoa tu, pembeni ya ile sehemu nyeusi, kidogo kuliko tundu la sindano ya mkono.

Mama mkwe akasema tuombe jirani aliyejifungua aniwekee maziwa ya titi. Nilikataa, na sio ati nilikuwa na akili, ni aibu tu, ningeenda kubisha kwa mtu saa tatu usiku nimwambie nini?

Jumapili jicho likaamka jekundu. Baada ya kanisa nikapitia kwa kemisti, kijana akanimulika na tochi ya simu kutoka upande wake wa kaunta, akanipa kichupa cha dawa ya kudondosha. Sasa hivi najua ndani yake kulikuwa na steroidi, ile dawa ambayo inaondoa wekundu na uvimbe haraka, jicho linaonekana limepona huku kilichoko ndani kinaendelea na kazi yake bila kusumbuliwa. Sitaki kumtupia yule kijana lawama zote. Nilimwambia "kuna kitu kimenigonga", neno mwiba halikutoka mdomoni. Angejua ni mwiba labda angenifukuza niende hospitali, labda hangenifukuza, hiyo hatutajua.

Usiku huo sasa. Mimi nimezaa watoto watatu na nimeng'olewa jino bila ganzi kushika, lakini maumivu ya usiku ule sijui niyafananishe na nini. Yalikuwa yanatoka nyuma ya jicho yanapanda kwa kichwa, yanashuka kwa taya, hata mwanga wa simu chini ya blanketi ulikuwa kama mtu ananichoma. Nilitapika mara mbili. Saa tisa usiku mzee wangu akasema twende, na gari lilikuwa la kutoka wapi saa hizo huku kwetu na mvua, basi tukangoja kukuche. Asubuhi mtoto wa mwisho akaniangalia akasema, "Mama, jicho lako liko na maziwa."

Nikaenda kwenye kioo nikalifungua kwa vidole. Sehemu ya chini ya ile duara ya rangi kulikuwa na kitu cheupe kimetulia, juu yake kimenyooka kabisa kama uji uliobaki kwenye glasi. Nikiinamisha kichwa upande, kinahama polepole upande huo. Ule ulikuwa usaha, ndani ya jicho, sio nje. Na kwa jicho lenyewe nilikuwa naona mwanga tu na kivuli cha mkono.

Hospitalini daktari wa macho aliniuliza swali moja, "Ni chuma au ni mti?" Nikasema mti, kayaba. Akaita nesi papo hapo na ile foleni nikairuka yote. Alinieleza huku wanatayarisha, kwamba shimo lilikuwa dogo na lilijifunga lenyewe, lakini mwiba ulikuwa umeshaingiza vijidudu vya mti na udongo, na vingine vya aina hiyo vinaweza kuharibu jicho ndani ya siku moja au mbili. Katikati ya jicho kuna ute kama jeli ambao hauna mishipa ya damu, kwa hivyo askari wa mwili wanachelewa kufika, na vidonge na matone pia havifiki vya kutosha. Dawa inabidi ipelekwe penyewe, kwa sindano, ndani ya jicho.

Najua hapo wengi mmekunja uso. Mimi pia. Lakini waliweka dawa ya ganzi, wakafunika uso na kitambaa chenye tundu, wakavuta ute kidogo wa kupeleka maabara, kisha wakaingiza dawa mbili, vancomycin na ceftazidime, nikahisi tu kama mtu anabonyeza. Kilichoniuma ni ule usiku wa kungoja, sindano si kitu. Walirudia tena siku ya tatu. Nililazwa siku sita, halafu nikaenda nyumbani na matone ya kila saa, mchana na usiku, na dawa moja ilitakiwa ikae kwa baridi na sisi hatuna friji. Mzee akaongea na mtu wa buchari, tukawa tunapata barafu, tunaiweka kwenye chupa ya chai na kichupa cha dawa ndani ya karatasi. Msichana wangu mkubwa alikuwa anaweka alamu. Nikifikiria hiyo wiki naona mkono wake mdogo unanifungua jicho saa nane usiku huku yeye mwenyewe anasinzia amesimama.

Kama siku ya tisa hivi niliamka na hakuna maumivu. Hakuna kabisa. Niliimba siku hiyo. Wamama wa chama walikuja na sukari na unga, tukaomba, tukanywa chai, na ukungu kwenye jicho ulikuwa unapungua kila siku. Kwanza niliona vidole, halafu rangi ya leso, halafu tarehe kwenye kalenda kubwa ya ukutani nikisogea karibu. Kliniki wakafurahi na mimi, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Na wakati natoka yule daktari aliniambia kitu kuhusu mimweko ya mwanga na giza linaloingia kama pazia, kwamba nikiona hivyo nirudi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeinamia mkoba natafuta pesa ya matatu. Nikasema "sawa daktari" vile mtu husema sawa daktari.

Mimweko ikaanza wiki ya tatu. Kama flashi ya simu pembeni ya jicho, chap, halafu imeisha. Sasa, karibu na duka langu kuna fundi wa kuchomelea mageti, na mwanga wake hunifikia mpaka kwa dirisha siku zote, basi nikahamisha kiti nikageuza mgongo. Hata nilimgombeza kidogo, maskini. Usiku nikiwa kitandani, stima imezimwa, nikaiona tena, na hakuna mtu anachomelea geti kwa chumba changu cha kulala. Nikajiambia ni jicho linapona, mishipa inaamka. Pia kulikuwa na vidoa vyeusi vipya vinaelea kama masizi. Hayo nikasema ni mabaki ya usaha.

Alhamisi nikaziba jicho zuri kama nilivyokuwa nafanya kila asubuhi, nikaangalia kalenda. Mstari wa mwisho wa tarehe haukuwepo. Ijumaa mistari miwili. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, tena mazuri, nilisema takataka za ndani zinatulia chini kama machicha ya chai, ndio maana chini ni giza, zikishatulia zitaisha. Na jicho haliumi! Hilo ndilo nililokuwa nashikilia. Lilipokuwa mgonjwa liliuma mpaka nikatapika, sasa haliumi, kwa hivyo haliumwi. Mtu yeyote angefikiri hivyo, sindio? Isitoshe nilikuwa na magauni ishirini ya kwaya ya kuvaliwa Jumapili na pindo bado.

Jumapili wakavaa. Wakapanga mistari mbele, mimi nikiwa kwa benchi nikataka kuona kama pindo zote ziko sawa, nikaziba jicho la kulia bila kufikiri. Nikaona vichwa. Vichwa vya kwaya vinaimba, vinafungua midomo, na chini yake hakuna kitu, hakuna mabega, hakuna magauni yangu ishirini, ni kijivu tu kama ukuta. Nilishusha mkono nikatazama chini mpaka ibada ikaisha. Na bado, aki, nikasema nitaenda kesho. Kesho yake hata vichwa havikuwepo.

"Ilianza lini?" daktari akauliza. Nikasema Alhamisi. Akanyamaza kidogo, akaandika.

Alinipaka mafuta baridi juu ya kope akapitisha ile mashine ya ultrasaundi, sawa na ya wajawazito lakini ndogo. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mweupe unapepea ndani ya jicho, kama shuka kwenye kamba. Hiyo ni retina, akasema, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha, na haitakiwi kupepea, inatakiwa ishikane na ukuta.

Nilimuuliza mwiba ulifika huko nyuma kweli? Hapana, mwiba uliishia mbele. Ni maambukizi. Vita vilipigwa kwenye ule ute, vikaacha makovu, na ute ukishapata makovu unajikunja na kuvuta. Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu kazi yangu ni hiyo. Ukishona na uzi umekaza sana, kitambaa kinafinyana, na ukiendelea kuvuta kinatatuka pale palipo pembamba. Na retina ambayo imekaa na usaha ni kitambaa kilichochoka. Ikishatatuka, maji yanapenya nyuma yake, na inabanduka kutoka ukutani kama bitana inayoachana na koti. Akaniambia pia kitu ambacho kiliniuma zaidi. Kwenye retina picha huwa imepinduka juu chini, kwa hivyo giza nililokuwa naona chini lilitoka kwa sehemu ya juu ya retina iliyokuwa inabanduka na kushuka. Machicha yangu ya chai hayakuwahi kuwepo. Na haiumi kwa sababu retina haina mishipa ya kusikia maumivu, inaweza kubanduka yote ukiwa unakula chapati.

Ijumaa, katikati ya retina, pale pa kusomea na kutunga uzi, bado palikuwa pameshikana. Jumatatu palikuwa pamebanduka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilipofika nyumbani nikamwaga mkoba kitandani nikatafuta ile karatasi ya kliniki, na ilikuwa hapo, imekunjwa mara nne pamoja na risiti za vifungo, na kwa kalamu ya bluu yale maneno ya mimweko na pazia kwa Kizungu na mstari chini yake.

Upasuaji ulikuwa Nairobi, kwa mtaalamu wa retina. Niliuza mashine yangu ya ovaloki, chama kikanikopesha, wapsap ya ukoo ikafanya iliyobaki, hayo ya pesa nisiyarefushe. Walinidunga ganzi kando ya jicho nikawa macho muda wote. Walitoa ute wenye makovu, wakailaza retina ukutani, wakaishikisha kwa leza, halafu wakajaza jicho mafuta ya silikoni ili yaikandamize isitoke tena.

Kwa nini mafuta? Kuna wanaowekewa gesi. Kitanda cha pili kulikuwa na mama wa kutoka Kisumu, yeye ugonjwa wake haukuwa wa usaha, retina ilitatuka tu, na yeye alipewa gesi. Uzuri wa gesi inaisha yenyewe, kuna ya wiki mbili hivi na kuna ya karibu miezi miwili, hakuna kurudi thieta kutolewa chochote. Lakini alikatazwa kabisa kurudi Kisumu kabla haijaisha. Akawa analia ati watoto wako peke yao, kwani basi lina shida gani, si ndege. Nesi akamuuliza kama amewahi kubeba pakiti ya krispi kwa gari la kutoka Kisumu. Wote tukacheka ju wote tumeona, Kisumu iko chini, kama mita 1,130, ukipanda Kericho na Mau Summit ile pakiti inavimba mpaka inataka kupasuka. Sasa fikiria hewa hiyo iko ndani ya jicho lako, akasema nesi, na njia ya kurudi kwako ni hiyo hiyo ya mlima. Yule mama alikaa kwa dada yake Kayole, hapo hapo Nairobi, mpaka gesi ikaisha. Hata mimi wa Nakuru tu ningepita Soko Mjinga huko juu kwenye baridi nikirudi nyumbani. Mafuta hayavimbi ukipanda mlima, lakini daktari alisema hata ningekuwa jirani yake angenipa mafuta, kwa sababu jicho lililowahi kuoza linapenda kuota makovu tena.

Kulala kifudifudi ndiko hakuna mtu hukutayarisha nako. Siku kumi, uso chini, dakika hamsini kila saa, kula, kuomba, kupokea wageni, yote ukiangalia sakafu. Nilikuwa naegemeza paji la uso kwa mto juu ya meza ya cherehani. Nilijifunza kuwajua watu kwa miguu. Mama mwenyekiti wa chama ana kidole gumba kinachotazama pembeni, miaka yote sikuwa nimejua. Mama mkwe alikuwa anakaa chini kwenye mkeka ndio tuonane uso kwa uso, na miaka yake sabini na kitu, akinipa uji kwa mrija. Tulikuwa hatupatani sana kabla ya hapo.

Mafuta yalitolewa baada ya miezi sita na retina ikakaa. Halafu likaja mtoto wa jicho, nilikuwa nimeambiwa mafuta huleta, likatolewa pia. Sasa naona nini? Jicho la kushoto naona mtu amesimama, naona gari, naona mlango. Uso wa mtu sioni ni wa nani mpaka aongee. Mstari ulionyooka una tumbo katikati, nikiangalia pindo kwa hilo jicho peke yake linakwenda kama barabara ya Subukia. Mwaka wa kwanza nilikuwa namimina chai nje ya kikombe, ju bila macho mawili hujui kikombe kiko umbali gani, siku hizi nagusisha mdomo wa birika kwenye kikombe kwanza. Uzi natunga kwa kidole, nahisi tundu na ukucha. Harusi nimepunguza.

Mwaka jana yule fundi wa mageti, jirani yangu, kijana wake mmoja alirukiwa na kipande cha waya jichoni. Nilisikia kelele nikatoka na tepu yangu shingoni. Mmoja ashaleta maji ya kuosha, mwingine anataka kumfungua jicho kwa nguvu amwangalie, na kijana mwenyewe analibonyeza na kiganja anasema haiumi sana, ni machozi tu. Niliposikia hiyo ya machozi nikapiga kelele mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Nikakata kikombe cha plastiki sehemu ya chini, nikakifunika juu ya jicho bila kuligusa, nikakibandika kwa selotepu, nikamweka kwa boda mwingine amshike kutoka nyuma, moja kwa moja kliniki ya macho, hakuna kupita kwa kemisti. Alishonwa siku hiyo. Yuko sawa, anachomelea na miwani sasa, na akiniona hupenda kunikumbusha vile nilimtukana.

Ua wa kayaba bado upo. Mzee alitaka kuung'oa nikamkatalia, usiku nani atatulinda hapo nje. Anaukata yeye, na miwani ya fundi wa mageti.

Kalenda nayo nimebadilisha, nilinunua yenye tarehe kubwa zaidi. Asubuhi kabla sijawasha cherehani naziba la kulia nahesabu mistari, kisha naziba la kushoto nahesabu tena, hili la pili ndilo linanitia wasiwasi siku hizi ju ndilo nimebaki nalo. Mistari mitano. Leo pia ilikuwa mitano.